Ufupi wa konstrakta si uvivu wa mwandishi wa programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka katika ukurasa wa teknolojia kuhusu namna klasi zinavyoandikwa katika lugha za kisasa za programu. Makala ile ilikuwa na mengi ya kumfaa mwanafunzi, na binafsi nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likitenga safu nzima kwa ufundi huu. Hata hivyo, mwandishi alipofika kwenye konstrakta fupi, ambamo jina la kila sifa huandikwa mara moja tu, alizitaja kama mtindo uliozuka juzi kwa ajili ya watu wasiopenda kuchapa, akawashauri wanaoanza waendelee kuandika kila mstari kwa mkono ili wajifunze nidhamu. Mimi ni mwandishi wa programu, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi na katika lugha kadhaa, na naona ushauri huo utawapotosha vijana wengi kwa sababu unaitafuta nidhamu mahali isipokuwapo.

Kwa msomaji ambaye hakuisoma makala ile, klasi ni mchoro unaoeleza sifa na kazi za kitu fulani katika programu, objekti ni kitu kimoja kilichoundwa kwa mchoro huo, na konstrakta ni sehemu ya klasi inayotekelezwa pale objekti mpya inapoumbwa. Wajibu wake ni mmoja: objekti ikitoka mikononi mwake iwe imekamilika, kila sifa ikiwa na thamani inayostahili, ili sehemu nyingine za programu ziweze kuitumia bila kujiuliza kama kuna kitu kilichosahauliwa. Wajibu huo ni mzito, na ndiyo maana ninasikitika kila ninapouona umefunikwa na mistari ya kunakili majina.

Tuangalie mfano uliochapishwa na gazeti lenyewe. Klasi ya Mwanafunzi, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, ilikuwa na sifa tano: jina, namba ya usajili, umri, kozi na orodha ya masomo. Kila sifa ilitangazwa juu ya klasi, ikatajwa tena kama kigezo, yaani thamani inayopokelewa kutoka nje, ndani ya mabano ya konstrakta, kisha ikaonekana mara mbili zaidi katika mstari wa kukabidhi thamani, upande wa kushoto wa alama ya usawa na upande wa kulia. Kila jina limeandikwa mara nne, na kwa sifa tano hayo ni majina 20. Maamuzi ya kweli yaliyofanywa na mwandishi ni matano tu, yaani kwamba mwanafunzi anatambulishwa kwa mambo haya matano na kila moja ni la aina fulani. Majina 15 yaliyobaki ni mwangwi wa yale matano ya kwanza.

Mwangwi huo ungekuwa hauna madhara kama binadamu angekuwa na macho ya mashine. Nina kisa kimoja ambacho hakijanitoka akilini. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulikuwa na klasi iitwayo Ujumbe, nayo pia kwa Java, iliyobeba taarifa zilizotumwa kwa wateja: mtumaji, mpokeaji, kichwa, maandishi na saa ya kutuma. Baadaye ikahitajika sifa ya sita, lugha, ili kila mteja apokee taarifa kwa lugha aliyoichagua. Mwenzetu aliyepewa kazi hiyo aliitangaza sifa, akaongeza kigezo, na katika mstari wa kukabidhi akaandika “lugha = lugha” badala ya “this.lugha = lugha”, ambapo “this” ni objekti yenyewe. Kompaila ya Java, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haikatai mstari huo, kwa sababu kigezo kupewa thamani yake chenyewe ni jambo halali. Sifa ya objekti, ile iliyotakiwa kupokea thamani, ikabaki tupu.

Programu haikusimama, na hapo ndipo penye uchungu. Mahali pengine katika mfumo palikuwa na kanuni kwamba ujumbe usiokuwa na lugha utumwe kwa lugha ya kawaida, basi kila ujumbe ukatoka kwa lugha moja, salama salimini, bila kosa lolote kuandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Tulitafuta kwa siku mbili. Tulichunguza fomu ambayo mteja alichagulia lugha, tukachunguza hifadhidata, tukachunguza violezo vya tafsiri kimoja baada ya kingine, na kote tukakuta mambo yako sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeukagua msimbo ule kabla haujaunganishwa na mwingine, na nakumbuka vizuri nilivyoupitia: nilisoma kwa makini kanuni za kuchagua lugha, lakini nilipofika kwenye ile mistari sita ya kukabidhi inayofanana kama punje za mahindi, macho yangu yaliteleza hadi chini. Kila mkaguzi ninayemjua hufanya hivyo. Mistari isiyobeba wazo haisomwi, na kosa likiingia humo hukaa kwa starehe.

Kwa haki niseme kwamba kama sifa ile ingetangazwa kuwa isiyobadilika, kwa neno “final”, kompaila ingegoma na kutuambia kuwa haijapewa thamani. Tangu siku hiyo ninaliweka neno hilo kwenye kila sifa isiyo na sababu ya kubadilika, na ninamhimiza kila kijana anayenisikiliza afanye vivyo hivyo. Lakini kinga iliyo bora zaidi ni kuufuta kabisa mstari ambao kosa lingeweza kukaa.

Hicho ndicho konstrakta fupi inachofanya. Katika lugha ya PHP, toleo la 8.0 lililotoka Novemba 2020, unaandika neno la ruhusa, yaani linalosema ni nani anayeweza kuifikia sifa, kwa mfano “private”, mbele ya kigezo ndani ya mabano ya konstrakta, na kwa tendo hilo moja sifa imetangazwa, kigezo kimepokelewa na thamani imekabidhiwa. Mwili wa konstrakta unaweza kubaki mtupu. Jina limeandikwa mara moja, na huwezi kukosea kunakili kitu ambacho hukinakili. TypeScript, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, inatumia utaratibu huo huo. Kotlin, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Februari 2016, inakwenda hatua moja mbele kwa kuviweka vigezo kwenye kichwa cha klasi, pembeni ya jina lake, kiasi kwamba msomaji anajua klasi inahitaji nini kabla hajafungua mabano ya mwili. Java nayo, baada ya kulaumiwa kwa miaka mingi kwa urefu wa maneno, ilikubali rasmi rekodi, yaani klasi fupi za kubeba data, katika toleo la 16, Machi 2021. Unaandika neno “record”, jina, na sifa ndani ya mabano. Kompaila inakupa konstrakta, njia za kusoma kila sifa, ulinganifu wa objekti mbili na namna ya kuichapisha objekti kama maandishi.

Hili linanirudisha kwenye kauli kwamba huu ni mtindo mpya. Klasi na objekti, kama tunavyozifahamu, zilianzia katika Simula 67, lugha iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo. Katika Simula, ukitaka klasi ya Mstatili unataja upana na urefu ndani ya mabano yanayofuata jina la klasi, unaeleza ni namba za aina gani, na basi: vigezo hivyo vinakuwa sifa za objekti moja kwa moja, bila mstari wowote wa kukabidhi, na mwili wa klasi wenyewe ndio unaotekelezwa objekti inapoumbwa. Mtu anayeandika Kotlin leo akiuona msimbo huo wa zaidi ya miaka 50 iliyopita atautambua kama ndugu wa karibu wa msimbo wake. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, wakafariki wote wawili mwaka 2002 katika miezi miwili iliyokaribiana, na ninaona ni heshima wanayostahili kwamba tusiuite mtindo wa juzi kile walichokianzisha wao.

Urefu ulikuja baadaye, na ulikuja kwa sababu inayoeleweka. Bjarne Stroustrup, ambaye alikuwa ameitumia Simula alipokuwa akisoma Cambridge, alianza mwaka 1979 kuingiza klasi katika lugha ya C, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa C++. Humo konstrakta ikawa fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani, inayojitegemea ndani ya klasi, vigezo vyake vikawa kitu kimoja na sifa za objekti zikawa kitu kingine. Faida ilikuwepo, kwani klasi moja iliweza kuwa na konstrakta kadhaa, kila moja ikipokea vitu tofauti. Java ilipotoka mwaka 1995 ilichukua umbo hilo, na kwa kuwa vizazi vya wanafunzi vimejifunza programu kwa Java, watu wengi wakaamini kwamba konstrakta kwa asili yake ni ndefu. Scala, ya mwaka 2004, ilirudisha vigezo kwenye kichwa cha klasi, na lugha nyingine zikafuata moja moja.

Wapo watakaosema kwamba kihariri cha msimbo kinaweza kuzizalisha konstrakta ndefu kwa kubonyeza vitufe viwili, kwa hiyo hakuna taabu. Hoja hiyo inamtazama mwandishi na kumsahau msomaji. Kihariri kitaiandika konstrakta mara moja, lakini klasi itasomwa mara nyingi na watu wengi, na sifa ya saba itakapoongezwa mwaka ujao huenda aliyeiongeza akafanya kwa mkono, kama mwenzetu alivyofanya. Mistari ikishazalishwa ni ya kwenu. Mtaisoma, mtaikagua na kuitunza kama mingine yote.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote, na ambalo makala haikuligusa. Konstrakta ndefu iliyochapishwa na gazeti ilikuwa na mistari mitano ya kukabidhi na haikuwa na hata mstari mmoja wa ukaguzi. Ungeweza kumwandikisha mwanafunzi mwenye umri wa miaka hasi 5, asiye na jina, na klasi ingempokea bila swali. Nidhamu iliyosifiwa ilitumika yote katika kunakili, ikaisha kabla ya kufika kwenye wajibu halisi wa konstrakta. Simlaumu mwandishi kwa ubaya. Ninaliona jambo hilo hilo katika mifumo inayotumika kila siku. Mtu akishamaliza kuandika mistari mingi anahisi amefanya kazi, na hisia hiyo inamdanganya.

Katika rekodi ya Java kuna umbo la konstrakta ambalo kwangu ni mfano bora wa ufupi wenye adabu. Ndani ya rekodi unaandika jina la rekodi na mabano ya mwili tu, bila kurudia orodha ya vigezo. Humo unaweka ukaguzi: kama umri ni chini ya sifuri, rusha kosa, kama jina halina herufi yoyote, rusha kosa. Unaweza pia kukisafisha kigezo, kwa mfano kuondoa nafasi zilizobaki mwanzoni na mwishoni mwa jina, kwa kukipa kigezo thamani mpya. Mwishoni kompaila yenyewe inavikabidhi vigezo kwa sifa, vikiwa vimeshakaguliwa na kusafishwa. Ukijaribu kuandika “this.umri = umri” ndani ya umbo hilo, kompaila inakataa. Kwa maneno mengine, mahali pale pamebaki kwa ajili ya mambo yanayohitaji akili ya mtu, na mkaguzi akifika hapo macho yake hayatelezi, kwa sababu kila mstari unasema jambo. Kotlin ina kizuizi cha “init” kwa kazi hiyo, na Python, katika klasi za data zilizoingia na toleo la 3.7 mwaka 2018, ina fanksheni inayoitwa mara tu sifa zinapokwisha kujazwa.

Hata hivyo, sitaki kijana yeyote asome barua hii akadhani kwamba ufupi peke yake ni usalama. Chukua orodha ya masomo katika ile klasi ya Mwanafunzi. Rekodi ya Java inakuhakikishia kwamba sifa ya masomo haitabadilishwa ielekee kwenye orodha nyingine, lakini haikuhakikishii kwamba yaliyomo ndani ya orodha hayatabadilika. Aliyeiunda orodha na kuipitisha kwenye konstrakta bado ameishika mkononi. Akiongeza somo kesho, mwanafunzi wako amebadilika bila wewe kujua. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya ile konstrakta fupi, unaotengeneza nakala isiyobadilika kwa “List.copyOf”, iliyopo tangu Java 10. Mstari huo hauwezi kuzalishwa na mashine kwa sababu mashine haijui kama ulikusudia kushirikiana orodha au la.

Python ina mtego wake ambao umewanasa wengi, nami nikiwemo nilipokuwa ninaanza. Ukiandika konstrakta ya kawaida na kukipa kigezo cha masomo thamani ya kawaida ya orodha tupu, orodha hiyo inaundwa mara moja tu, wakati fanksheni inapotangazwa, na kila mwanafunzi aliyeundwa bila kutaja masomo anapewa orodha ile ile. Somo likiongezwa kwa mmoja linaonekana kwa wote. Klasi za data zinakataa kabisa jambo hili: ukiweka orodha tupu kama thamani ya kawaida, Python inarusha kosa hapo hapo klasi inapotangazwa na kukutaka utoe fanksheni ya kutengeneza orodha mpya kwa kila objekti. Hapa tena umbo fupi limekuwa kali kuliko umbo refu, kinyume na ile dhana kwamba ufupi ni kulegea.

Kwenye C# hali ni tofauti, na ninashauri tahadhari. Toleo la 9, la Novemba 2020, lilileta rekodi ambazo vigezo vya kichwani vinageuka kuwa sifa za wazi zinazoweza kujazwa wakati wa kuundwa tu. Toleo la 12, la Novemba 2023, likaruhusu vigezo vya kichwani kwa klasi zote za kawaida. Maandishi yanafanana kwa macho, lakini maana si moja: katika klasi ya kawaida kigezo hakigeuki kuwa sifa ya wazi, na zaidi ya hapo hakilindwi dhidi ya kubadilishwa, kwa hiyo sehemu yoyote ya klasi inaweza kukipa thamani mpya baadaye. Anayetoka kwenye rekodi akaandika klasi kwa mazoea yale yale ataamini ana kitu kisichobadilika ilhali hana. Ninachofanya mimi ni kutangaza sifa ya kusomwa tu na kuijaza kutoka kwenye kigezo pale ambapo kubadilika kungeleta madhara. Mstari unaongezeka, ndiyo, lakini huo ni mstari wenye wazo.

Lipo pia kosa ambalo hakuna umbo la konstrakta linaloliondoa lenyewe, nalo ni kubadilishana vigezo vya aina moja. Mtumaji na mpokeaji wote ni maandishi. Ukiwapitisha kwa mpangilio uliogeuzwa, kompaila itanyamaza, na ujumbe utaonekana umetoka kwa mtu aliyestahili kuupokea. PHP 8.0 ilikuja na ruhusa ya kutaja vigezo kwa majina wakati wa kuita, na Kotlin, Python na C# zinayo ruhusa hiyo pia. Mahali ilipo, itumiwe kila vigezo viwili vya aina moja vinapofuatana. Java haina, na ndiyo maana rekodi ya Java yenye maandishi manane mfululizo hunitia wasiwasi hata ikiwa fupi namna gani. Hapo ni afadhali kuunda aina ndogo ndogo, kwa mfano rekodi ya Anwani yenye ukaguzi wake na rekodi ya Jina yenye ukaguzi wake, ili kompaila iweze kutofautisha kimoja na kingine. Zamani kuunda aina ndogo ya namna hiyo kuligharimu ukurasa mzima, na watu waliona haina faida. Leo inagharimu mistari mitatu au minne. Kwa maoni yangu hili ndilo tunda kubwa la ufupi, kwamba umeshusha gharama ya kuandika programu iliyo makini.

Kuna jambo moja ambalo ninalikubali kutoka kwa mwandishi wa makala, ingawa yeye alilisema kwa njia nyingine. Konstrakta ndefu ilikuwa inauma, na maumivu yale yalikuwa na kazi. Mtu alipofikisha kigezo cha tisa alichoka, akaanza kujiuliza kama klasi yake haijabeba majukumu mengi mno. Umbo fupi limeondoa maumivu hayo, na nimeona klasi za PHP zenye vigezo 14 vilivyopangwa vizuri, kimoja kila mstari, zikipendeza kwa macho huku ndani zikifanya kazi ya klasi tatu. Kengele ile imezimwa, kwa hiyo tunapaswa kuhesabu wenyewe. Katika timu yangu tumekubaliana kwamba konstrakta ikizidi vigezo vitano, anayeomba msimbo wake upokelewe aeleze kwa nini. Si sheria ya kukataza. Mara nyingine maelezo ni mazuri na tunapokea. Lakini swali huulizwa.

Kuhusu wanaoanza, sipingi kwamba mwanafunzi aandike umbo refu kwa mkono. Aliandike mpaka aelewe “this” inamaanisha nini katika Java, au kwa nini Python inamtaka ataje “self”, na mpaka aweze kueleza kwa maneno yake tofauti kati ya kigezo kinachokufa konstrakta inapomalizika na sifa inayoishi kadiri objekti inavyoishi. Hilo linahitaji klasi mbili tatu, labda na kosa moja la makusudi kama lile la “lugha = lugha”, aone mwenyewe sifa inavyobaki tupu. Akishaelewa, kuendelea kumnakilisha majina kwa muhula mzima hakumfundishi chochote, bali kunamzoesha kusoma msimbo bila kuuona.

Na sehemu ya muda utakaookolewa itumike kumfundisha kitu kingine ambacho vitabu vingi vya mwanzo hukipita haraka, kwamba konstrakta isifungue mtandao, isisome faili wala isiite hifadhidata. Ipokee kilicho tayari, ikague, ikabidhi, imalize. Klasi inayofungua mtandao inapoundwa haiwezi kujaribiwa bila mtandao, na kosa la mtandao linapotokea linaonekana kama kosa la kuunda objekti, jambo linalompeleka mtafutaji mbali na chanzo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Safu ya mafunzo itakapotoka tena, mfano wa klasi ya Mwanafunzi uchapishwe upya kwa maumbo mawili, lile refu na rekodi, yakiwa pembeni kwa pembeni. Katika rekodi uwekwe ukaguzi wa umri usioweza kuwa hasi, ukaguzi wa jina lisiloweza kuwa tupu, na ule mstari wa kutengeneza nakala ya orodha ya masomo. Nafasi ya kutosha itapatikana kwenye safu hiyo hiyo, kwa kuwa mistari mitano ya kukabidhi haitakuwepo, na wasomaji waombwe kutuma majibu wakieleza kwa nini kila mstari uliobaki umebaki.

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu